Mlango wa Kumtolea Mzee Fan

Bibi Yeh Sun-moi alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anamenya matunda ya persimoni ya kukausha, mlango wa mbele wa nyumba yake ulipoondoka. Hakusikia kishindo. Alikuwa ameupa mgongo, upepo wa mwezi wa tisa unavuma kutoka mtoni kama unavyovuma kila mwaka pale Hsinpu, na nyungo za mianzi zimejaa matunda mpaka ukingoni mwa barabara. Alipoinuka kwenda kuchukua ungo mwingine ndani, akakuta ukuta.

Ulikuwa ukuta mzuri wa matofali mekundu, na chini ulikuwa umeota ukungu wa kijani kama umekuwapo hapo tangu enzi za baba mkwe wake. Zile karatasi nyekundu za baraka za mwaka mpya, zilizokuwa zimebandikwa kulia na kushoto kwa mlango, bado zilikuwapo. Sasa zilikuwa zimegusana ubavu kwa ubavu, hakuna kitu katikati.

Bibi Sun-moi alifuta mikono kwenye aproni, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Mumewe, mzee Fan Tsai-hin, alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao katika ukumbi wa mbele, chini ya meza ya kuwatambikia wahenga. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa sababu alitaka kufia kwake, na madaktari hawakuwa na neno zaidi la kumwambia.

"Mbona giza?" akauliza mzee.

"Mlango umeondoka."

"Umekwenda wapi?"

"Sijui. Umekuwa ukuta."

Mzee Fan aliugeukia ukuta, akautazama. "Basi wautafute haraka," akasema. "Mimi nami niko njiani."

Hakuwa anatania. Huku kwetu mtu huingia duniani popote Mungu anapopenda, lakini hutoka kwa mlango wa mbele. Bibi harusi huingia hapo, jeneza hutoka hapo, na wahenga hupita hapo wanapokuja kula siku zao. Kwa mlango wa jikoni hutoka ndoo, maganda, na nguruwe aliyekwisha kuchinjwa.

Mtu angesema, si wavunje ukuta? Lakini Yi-ling, mkwe wao, mke wa mtoto wao aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Nyumba yenye mimba haipigwi nyundo. Roho ya mtoto haitulii tumboni. Leo iko mlangoni, kesho kwenye jiko, keshokutwa chini ya kitanda, na nyundo ikiikuta imemkuta mtoto. Kumpeleka Yi-ling kwingine nako ni kusogeza kitanda, na kitanda cha mwenye mimba hakisogezwi. Kwa hiyo babu alisubiri kutoka, mjukuu alisubiri kuingia, na kati yao ulisimama ukuta usiogusika.

Siku hiyohiyo mashine ya kukaushia persimoni ilisimama. Bibi Sun-moi akampigia simu fundi Chung, ambaye alikuja na pikipiki yake, akaitazama mashine juu na chini, kisha akaunyanyua mfuko wa vitafunio vya nazi uliowekwa juu yake.

"Shangazi! Huu mfuko muda wake umepita tangu kiangazi. Unataka mashine ikutii kwa lipi?"

"Nilijua bado. Si ni wa kijani?"

"Wa kijani ndiyo, lakini umechacha. Hata mimi nisingefanya kazi."

Huku kila mwenye mashine huweka mfuko wa kijani juu yake ili itulie, na hauwekwi wa manjano wala uliopitwa na muda. Yi-ling akaenda dukani na tumbo lake, akaleta mpya. Wakauweka, wakafukiza ubani kwa Babu wa Ardhi, mlinzi wa mashamba na nyumba, wakangoja. Mashine haikuwaka. Ukuta haukufunguka. Walipoteza siku nzima kwa mfuko, na baadaye Bibi Sun-moi hakupenda kukumbushwa.

Ndipo fundi Chung alipofungua sanduku la mashine na kusoma maneno kwenye kioo.

"Kiini kimejisasisha asubuhi," akasema. "Mashine imeita mlango wake wa zamani, ule wa kuulizia joto. Haikuukuta. Umefutwa."

"Na mlango wangu mimi?"

"Ndio huohuo, Shangazi."

Alisema hivyo kama anavyosema mkanda umekatika.

Ndani ya kila kompyuta, hata ile ndogo iliyomo katika mashine ya kukaushia, kuna kiini, na kiini ndicho bwana wa nyumba: huamua nani apewe kazi, nani apewe nafasi, nani akae foleni. Programu haziingii humo kwa kuparamia. Zina milango, na kila mlango una desturi yake ya kubisha. Mashine ya Bibi Sun-moi ilitengenezwa na kampuni iliyokwisha kufa, na ilikuwa inajua kubisha mlango mmoja tu.

"Nani kaufuta?" akauliza Bibi Sun-moi.

Fundi Chung akatafuta kwenye simu yake. "Kuna jina. Hawa watu wa kiini wakibomoa kitu hutia sahihi. Tseng Kuan-lin. Tena yuko hapa karibu tu, Hsinchu, kule kwenye makampuni ya kompyuta."

"Mwizi anayetia sahihi," akasema Bibi Sun-moi. "Dunia imekwisha."

Kesho yake alipanga persimoni kavu kwenye boksi, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu hata kama anakwenda kugombana, akapanda basi mpaka kwenye kampuni ya huyo Tseng. Binti wa mapokezi alikuwa mwenye adabu. Alipoelezwa shida aliuliza kitu kimoja tu:

"Mlango wa mbele au wa nyuma, Bibi?"

"Wa mbele."

"Ghorofa ya tatu. Wa nyuma ni ya nne."

Tseng Kuan-lin alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kadi inaning'inia shingoni. Kazi yake ilikuwa kufagia milango mikongwe katika kiini, na haikuwa kazi mbaya. Mingine huoza, wezi wakaingilia hapo, na kila mlango unaobaki unataka mtu wa kutia bawaba zake mafuta, na watu wenyewe ni wachache. Basi mlango hutiwa alama kwanza kwamba umezeeka. Toka hapo kila mashine inayoubisha huandikiwa onyo, na onyo huandikwa ndani ya tumbo la mashine yenyewe, mahali pasipo na taa. Mashine ya Bibi Sun-moi ilikuwa imeandika onyo lile miaka na miaka, kila asubuhi ilipowashwa, kama mtu anayenong'ona ndani ya gunia.

Kuan-lin alisimama, akapokea boksi kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyekula mlango wangu?" akauliza Bibi Sun-moi.

"Nimeufunga, Bibi. Sijaula."

"Ungeula ningekuelewa. Mwenye njaa hula."

Kijana akainamisha kichwa. "Tuliuliza kwanza, Bibi. Tuliuliza kama kuna mtu bado anautumia."

"Mlimuuliza nani?"

"Watu wote."

"Mimi nani?"

"Tuliuliza kwenye barua pepe, Bibi, kule wanakoandikiana wenye kazi ya kiini. Kwa Kiingereza. Tukangoja. Hakuna aliyejibu."

"Mwanangu," akasema Bibi Sun-moi, "mlango wenyewe mlikuwa mmeushika mkononi. Mlishindwa nini kubisha hodi?"

Kuan-lin aliliweka boksi mezani. Alikwenda kumwita mkubwa wake, Bwana Ku.

Bwana Ku alikuwa mtu mchangamfu. Alifungua boksi, akala persimoni moja, akasifu. "Tamu kweli, Mama! Hizi za mashine au za jua?"

"Za jua. Mashine mmeiua."

"Pole sana. Ila nikwambie kitu, Mama. Sisi tuna sheria moja tu, na kwetu ni kama dini: usimwumize mtumiaji."

"Basi mmeniumiza."

"Hapana, wewe si mtumiaji. Mtumiaji ni mashine."

"Na mashine imesimama."

"Imelalamika?"

"Italalamikaje, na haina mdomo?"

"Ndiyo hivyo sasa," akasema Bwana Ku kwa upole, akachukua persimoni ya pili. "Asipolalamika mtu, sisi tutajuaje? Halafu tukirudisha mmoja, kesho watakuja watu mia kudai yao. Kuna mlango mpya, Mama. Ni bora mara kumi. Hamieni huo."

"Mume wangu anakufa. Hana muda wa kuhamia kitu."

"Pole sana," akarudia Bwana Ku, na sura yake ilionyesha pole ya kweli. Huo ndio ubaya wa watu wa namna ile. Hawana chuki na mtu. Bwana Ku angekuwa na chuki, angalau angejua wewe ni nani. Amewauliza watu katika chumba ambacho hawajawahi kukiingia, kwa lugha ambayo hawakufundishwa, kisha akatoka na ukimya wao mkononi kama mtu aliyetoka na ruhusa. Mungu ameagiza tusubiri, hakuagiza tusubirishwe.

Kuan-lin alimsindikiza Bibi Sun-moi mpaka kituo cha basi, akaahidi kujaribu. Alijaribu kweli. Aliwaandikia wenzake wa dunia nzima kwamba mtumiaji mmoja amepatikana, mzee wa Hsinpu, anahitaji mlango wa kutokea. Wakamwambia alete ushahidi. Siku ya mapumziko alikwenda na kamera, akapiga picha ukuta kutoka nje na kutoka ndani, akaituma. Jibu lilirudi kutoka nchi ya mbali, la mtu anayeheshimiwa sana: *Ukuta unaonekana mzima. Tatizo halijaonekana.*

Mzee Fan Tsai-hin alifariki wiki ile, asubuhi, uji ukiwa bado moto. Daktari wa kata alikuja akathibitisha. Bibi Sun-moi alimwosha mumewe, akamvisha, na jeneza likaingizwa kwa mlango wa jikoni likiwa tupu, maana jeneza tupu ni mbao tu na halina heshima ya kupotea. Kuhani wa mazishi akasoma, majirani wakalia, kengele ikagongwa. Wabebaji sita wakaweka miti begani, wakageuka kuelekea jikoni.

Mzee Fan akainuka, akakaa kitako ndani ya jeneza.

"Mnanipitisha wapi?"

"Jikoni, Mjomba," akajibu mbebaji wa mbele.

"Kwani mimi nguruwe?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi nishusheni."

Wakamshusha. Alitoka kwenye jeneza, akaomba msamaha kwa watu waliopoteza muda, akaenda kukaa kwenye kiti chake karibu na ukuta. Majirani walikula chakula cha msiba kwa kuwa kilikuwa kimeshapikwa. Mwenye duka la majeneza alilichukua jeneza lake bila kunung'unika, akasema atamwekea kando, asiliuze.

Hivyo mzee alikuwa amekufa lakini hajaondoka. Hakula, hakulala, mikono yake ilikuwa baridi kama birika la chai lililosahauliwa. Kwa kuwa hakupenda kukaa bure, alichukua kisu akaanza kumenya persimoni. Wanunuzi wa Hsinpu waligundua kwamba matunda yaliyomenywa na yeye hayageuki rangi haraka, wakayaulizia. Lakini jioni, kazi ikiisha, alikuwa akiugeukia ukuta na kukaa hivyo, kama mtu aliyeko kituoni na basi lake halina habari.

"Umechoka?" Bibi Sun-moi alikuwa akimwuliza.

"Aliyekufa hachoki. Nimechelewa tu. Baba na mama wananingoja kule, na mimi sijawahi kuchelewa kwao."

Hilo ndilo lililomuuma Bibi Sun-moi kuliko ukuta. Alikuwa amejiandaa kuwa mjane. Alikuwa amekwisha kumwomba Mungu ampe nguvu ya kukaa peke yake, na nguvu akaipata, na sasa hakuwa na mahali pa kuiweka. Wenzake sokoni hawakujua wampe pole au wamwulize hali ya mumewe. Alivaa nguo za msiba asubuhi, jioni akazivua ili apike bila mume kumtania.

"Umependeza," mzee alikuwa akisema. "Nani kafa?"

"Nyamaza, wewe mzee. Nenda huko."

"Nionyeshe pa kwendea."

Yi-ling alijifungua salama mtoto wa kike. Mwezi wa mzazi kukaa ndani ulipokwisha, nyundo zikaruhusiwa, na wakati uleule kampuni ikaleta watu. Habari za mzee Fan zilikuwa zimeenea, na Bwana Ku hakutaka isemwe kwamba kampuni yake haina utu. Mafundi wakavunja ukuta, mzee akangoja kwa kuwa tundu si mlango, wakatia mlango mpya wa chuma wa rangi ya fedha. Bwana Ku alikuja mwenyewe, na mpiga picha, na maua. Kuan-lin alisimama nyuma amebeba sanduku la vyombo.

"Mama, ona," akasema Bwana Ku. "Hauna ufunguo. Unaweka kidole tu. Mwizi hawezi, upepo hauwezi. Tumesajili vidole vya nyumba nzima, hata cha mtoto."

Yi-ling akaweka kidole, mlango ukafunguka bila sauti. Watu wakapiga makofi. Bibi Sun-moi akaweka chake, ukafunguka. Kisha mzee Fan akainuka, akanyoosha koti lake la kuzikiwa, akaagana na mkewe kwa kichwa, maana walikuwa wameshaagana mara nyingi, akaweka kidole.

*Tafadhali jaribu tena,* mlango ukasema.

Akajaribu tena. Akajaribu kingine. Akavipuliza vidole, lakini hakuwa na pumzi ya moto.

"Tatizo ni nini?" akauliza Bwana Ku.

"Unasoma damu inayotembea," akasema Kuan-lin kwa sauti ndogo. "Ndivyo unavyojua kwamba mtu ni mtu. Ule wa zamani haukuuliza, ila sasa kiini hakikubali mwingine ila huu."

"Basi afunguliwe na mtu mwingine, apite."

Wazee waliokuwapo wakaguna. Hata mpiga picha, aliyekuwa wa huku, alishusha kamera. Marehemu hutoka mbele, walio hai wakafuata nyuma. Akitoka nyuma ya mtu aliye hai atamfuata huyo mpaka amchukue aende naye. Mlango mpya ulimtaka mwenye kidole atangulie kuvuka kizingiti. Ndivyo ulivyotengenezwa, kwa usalama.

"Nitafungua mimi," akasema Bibi Sun-moi.

Mzee akamtazama. "Hufungui."

"Nifungue nitangulie. Unifuate. Nimezeeka, nina nini?"

"Nikikufuata nitakuchukua."

"Nichukue basi!"

"Na yule?" Akaonyesha mtoto kwa kisu cha kumenyea, kwa kuwa alikuwa amekiokota tena. "Mama yake anarudi kazini wiki ijayo. Atalelewa na mlango?"

Bibi Sun-moi alisimama, kidole chake hewani. Kisha akakishusha. Hakulia mbele ya Bwana Ku. Alimgeukia akasema, "Mmeninyima mume wa kumzika. Mkaniletea kitu cha kung'aa. Haya, pigeni picha yenu."

Walipiga. Picha ilikuwa nzuri: mlango, maua, mtoto. Mzee Fan hakutokea, kwa vile wafu hawatokei. Ilitundikwa kwenye ukumbi wa kampuni na maneno chini yake kwamba watumiaji wote wamehamia mlango mpya, na kule kwenye barua pepe shauri likafungwa kuwa limetatuliwa. Mashine ya kukaushia haikuguswa. Ilibebwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kuan-lin alianza kuja Hsinpu siku za Jumapili. Hakuna aliyemwita, na mwanzoni hakuna aliyempa kiti. Aliketi chini, akamenya. Mzee Fan alimfundisha kwamba kisu husimama, tunda ndilo linalozunguka, na kwamba mtu mwenye haraka hupoteza nyama nyingi kwenye ganda. Kijana alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kampuni ilikuwa imempandisha cheo mwaka huo kwa wingi wa milango aliyoiondoa.

"Umeshaacha ile kazi yako?" Bibi Sun-moi alimwuliza Jumapili moja, mtoto amelala mgongoni mwake.

"Sijaacha, Bibi. Mwaka huu tunafunga mingine mingi."

"Mmeuliza?"

"Tumeuliza."

"Wamejibu?"

Kuan-lin aliendelea kuzungusha tunda. Ganda lilitoka refu, halikukatika.

"Hakuna aliyejibu, Bibi."

Bibi Sun-moi aliitazama barabara, nyumba za ng'ambo ya pili, na vilima vyenye nyumba nyingine ambazo milango yake ilikuwa bado wazi na watu wakiingia na kutoka.

"Basi waambie mapema watafute viti," akasema mzee Fan. "Vyenye mgongo. Hivi vigoda havifai kwa kukaa sana."

"Niwaambie kina nani, Babu?"

Mzee aliweka persimoni kwenye ungo, akachukua nyingine, akangoja kijana ajijibu mwenyewe.